Nusu kwa nusu ya nani?

JICHO LA RUNZEWE
Na Shija Malunde

Anayezamia duara la dhahabu hapa Runzewe husema anabahatisha. Kwa dhahabu, hilo si kweli kabisa. Ipo au haipo. Jambo liliamuliwa zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, maji ya moto yalipoipitisha katika nyufa za mwamba. Kinachokosekana ni habari tu, ndiyo maana wapiga ramli hawakosi wateja.

Bahati yenyewe imo ndani ya itale. Atomi ya potasiamu-40 hutulia, kisha siku moja hugeuka. Mara 89 hivi kati ya 100 huwa kalisiamu, na mara zinazobaki karibu zote huwa agoni. Hata uijue atomi hiyo ndani na nje, huwezi kutabiri itaelekea wapi. Wanajiolojia hutumia mgawanyo huo wanapopima umri wa miamba.

Mwaka 1957 Hugh Everett, mwanafunzi wa udaktari pale Princeton, Marekani, alidai kwamba katika bahati ya aina hii hakuna kinachochaguliwa. Yote mawili hutokea, kila moja katika ulimwengu wake, na wewe msomaji umo kote kuwili. Sasa 89 ni ya nini? Dunia zikiwa mbili, si nusu kwa nusu?

Sivyo, na mchimbaji hahitaji darasa kwa hili. Mifuko ya mawe ikigawanywa, mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji ni pande tatu, lakini nani kasema kila upande uchukue theluthi? Matawi ya Everett, yaani dunia zake, nayo yana uzito usiolingana, unaokokotolewa kwa kanuni ya mwanafizikia Max Born ya mwaka 1926. Mwaka 1999 mwanafizikia David Deutsch wa Oxford alijaribu kuthibitisha kwamba mwenye busara, hata akijua yote yatatokea, hana budi kupanga dau lake kwa uzito huo.

Hoja nzuri. Ila inanifundisha kuweka dau, hainipi sababu ya kuiamini nadharia ya Everett. Kwa mujibu wake, upo ulimwengu ambamo kila kipimo kimetoa nusu kwa nusu, na wanafizikia wa huko, waaminifu kabisa, wameitupa nadharia iliyo sahihi. Watetezi hujibu kwamba tawi hilo lina uzito mdogo mno, basi tusihofu kwamba sisi ndio tuliomo humo. Lakini kwa nini uzito mdogo uwe sababu ya kutohofu? Hicho ndicho tulichouliza tangu mwanzo.