Magofu ya Ujiji yana wenyewe, waitwe

Mvua za Aprili 2017 ziliangusha ukuta wa nyumba ya babu yetu pale Ujiji, ukaangukia jiko la jirani. Hakuumia mtu, ila pipa la mawese lilipasuka na sufuria mbili zikabonyea. Nilipofika kuomba radhi, nilimkuta yule mama amechuchumaa, anachota kwa kata mafuta yaliyochanganyika na tope, akiokoa walau ya kupikia sabuni. Akaniambia, "Mwalimu, nyumba ni yenu, siitamani. Lakini miaka yote hii mlitaka nimwambie nani? Mlango mmefunga, na mwenye funguo simjui."

Sikuwa na jibu. Mwenye funguo hakuwepo. Tulikuwa wenye nyumba ishirini na watatu, wajukuu tukiwemo.

Babu alifariki 1989, akaacha wajane wawili na watoto kumi na mmoja. Baba mdogo alikuwa Kalemie ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, shangazi Bujumbura, wengine Dar es Salaam, na sisi tulikuwa Mwanga, mwendo mfupi tu kwa daladala. Kila mmoja alijua ana fungu lake, na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kubadilisha hata bati moja. Aliyetaka kukarabati aliambiwa anataka kujimilikisha. Aliyetaka kuuza aliambiwa anauza jina la baba. Basi bati zikaibwa moja moja, fremu ya mlango ya mninga ikang'olewa usiku, na mpapai ukaota katikati ya chumba alichokuwa akilala bibi. Ulizaa, na watoto wa mtaa walikula mapapai yake.

Nayaeleza haya kwa sababu kila linapozungumzwa suala la magofu na viwanja vilivyotelekezwa, nasikia watu wakisema Manispaa ya Kigoma Ujiji ivitwae tu iwape wawekezaji. Sikubaliani nao. Magofu mengi ya Ujiji ninayoyafahamu hayana mwenyewe mkaidi aliyekaa mahali akikataa kulipa. Yana mirathi iliyolala.

Ujiji ulikuwa mji mkubwa wa biashara kabla Kigoma haijawa mji. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, bandari na maduka makubwa vilihamia huko, na Ujiji ukabaki na miembe yake, misikiti yake na nyumba za ukoo. Vijana waliondoka wakifuata kazi, nyumba zikabaki na wazee, na wazee walipoondoka zikabaki na makufuli. Sasa barabara za lami zimeingia mitaani, reli ya kisasa inajengwa kutoka Tabora kuja Kigoma, na kiwanja ambacho zamani mtu alikidharau kinaulizwa bei kila wiki. Majirani nao wanabanana. Maji ya ziwa yalipopanda miaka hii ya karibuni, yaliingia kwenye nyumba na mialo ya ufukweni, na akina mama wa dagaa walipoteza sehemu za kuanikia. Wakati huo huo, juu kidogo, kiwanja cha ukoo fulani kimejaa magugu na mifuko ya taka.

Sheria haijalala kabisa. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 51, inasema ardhi yenye hati inaweza kuhesabiwa imetelekezwa ikiwa mmiliki anadaiwa kodi kwa miaka miwili au zaidi, au jengo limechakaa hadi kuhatarisha watu, au mwenyewe ameondoka nchini bila kumwachia mtu uangalizi. Taarifa hutolewa, mwenyewe hupewa nafasi ya kujieleza, na asipojitokeza hati yaweza kufutwa. Kwa kiwanja kilichopimwa huko mlimani ambacho mtu amekishikilia akingojea bei ipande, utaratibu huu unatosha, na ningependa uanze kutumika kwa nguvu. Lakini nyumba ya babu haikuwa na hati. Mtafuta hati asingeiona.

Kodi nayo haikuiona. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, na kuanzia Julai 2023 nyumba ya kawaida hulipa shilingi 1,500 kwa mwezi. Ni rahisi kwa mlipaji, nakiri. Ila fikiri nani analipa. Mjane mwenye balbu mbili na redio analipa kila mwezi anaponunua umeme. Gofu lililo ubavuni mwake, lisilo na mita, halikatwi hata senti, ingawa ndilo linalomletea nyoka, vibaka na harufu. Tumejenga mfumo unaomwona anayeishi ndani ya nyumba na kumpita aliyeitelekeza.

Najua woga uliopo. Wazee wetu hawajasahau 1971, majumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja yalipotaifishwa na kukabidhiwa Msajili wa Majumba. Ukisema leo kwamba Manispaa inaorodhesha nyumba tupu, familia itaweka mtu yeyote ndani, hata mlevi, ili isionekane tupu. Ndiyo maana nasema orodha ianzie mtaani. Mwenyekiti wa mtaa anajua kila gofu na anajua ukoo wake. Majina ya koo yasomwe redioni na yabandikwe misikitini na kwenye ofisi za kata, wanaukoo wakiitwa waje kuteua msimamizi wa mirathi. Hapo ndipo palipotukwamisha sisi. Cheti cha kifo cha babu hakikuwepo, muhtasari wa kikao cha ukoo ulikataliwa mara mbili, na kila safari ilikuwa nauli ya mtu kutoka Dar. Ilituchukua miezi kumi na minne mpaka Mahakama ya Mwanzo ilipomthibitisha msimamizi. Kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia, iliyoanza 2023, imeonyesha kuwa wanasheria wanaweza kuwafuata wananchi walipo. Wawekwe wiki nzima Ujiji, na hakimu na mtu wa RITA, wanaotoa vyeti vya vifo, wawe jirani, kazi iwe mirathi ya nyumba tu.

Deni nalo liwe na mlango wa kutokea. Mwaka 2022 Serikali ilisamehe riba ya malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi kwa waliolipa deni la msingi. Msamaha wa namna hiyo upewe ukoo unaokuja wenyewe na msimamizi wake. Ukoo ulioitwa ukanyamaza, basi kiwanja kiuzwe, kodi ikatwe, na salio litunzwe kwa ajili ya warithi watakaojitokeza.

Na wa kwanza kuulizwa kununua awe jirani. Hili limefanyika mbali. Detroit, Marekani, ambako maelfu ya nyumba zilitelekezwa, mwenye nyumba ameweza kununua kiwanja kitupu kilichopakana naye kwa dola 100 tu. Jirani hahitaji kushawishiwa aje kuwekeza. Yupo tayari, ndiye amekuwa akifyeka magugu na kufukuza nyoka bila kulipwa.

Sisi tulimuuzia yule mama nusu ya kiwanja, kwa bei ambayo shangazi aliyekuja kutoka Bujumbura aliona ni ndogo, kisha akakubali alipoliona jiko lake. Leo pale ulipokuwa ukumbi wa babu pana banda la bati, mapipa sita ya mawese, na mabinti wawili wanaokata sabuni kwa waya. Kwenye nusu iliyobaki binamu yangu amejenga vyumba vitatu, na wapangaji wananunua LUKU kila wiki.

Nyumba tatu kutoka hapo lipo gofu jingine, lenye mwembe mkubwa uliopasua ukuta wa nyuma. Mjukuu mmoja wa ukoo huo nilimfundisha darasa la tano. Nilimpigia simu Alhamisi, yuko Uvira, akasema hajui hata kama nyumba bado imesimama. Nimemtumia picha.