Tuache kung'oa pilipili yote



Kila mwaka mwezi wa sita, huku juu Lubero na Masisi, kuna jambo moja linaniuma. Baridi inaingia, pilipili inaacha kuzaa, majani yanakuwa manjano, na watu wanang'oa miti yote. Mvua ikirudi, wanatoa feza ile ile waliyopata kwa pilipili ili kununua mbegu mpya.

Kosa ni letu sisi waagronomi. Shuleni tulijifunza pilipili sawa vile mahindi: panda, vuna, ng'oa. Lakini pilipili ni mti wa miaka mingi. Ulaya, kwenye barafu inaiua inje, wenye kuipenda wanaikata matawi, wanaitia ndani ya chombo na kuiweka nyumbani mpaka joto irudi. Kwetu hakuna barafu ile, lakini usiku wa baridi tunao, na pilipili inalala. Kulala si kufa.

Mama mmoja alinionyesha mti wake wa mwaka wa tatu, ndani ya bidoni ya lita 20 iliyokatwa, karibu na mlango wa jikoni. Nikamuuliza nani alimufundisha. Akacheka: "Agronomi, nilichoka tu kununua mbegu."

Anafanya hivi. Anachagua mti uliozaa vizuri. Anakata matawi, anabakiza shina na vipande vifupi, halafu anautoa na udongo wake na kuuweka kwenye bidoni yenye matundu chini. Usiku unalala ndani, mchana unatoka kwenye jua. Maji ni kidogo sana, mpaka kidole kisikie udongo umekauka. Wengi wanaua mti kwa maji, si kwa baridi. Na samadi ingoje mpaka machipukizi yatoke.

Mti wenye majani ya kujikunja ao madoa ya manjano na kijani usiuhifadhi, hata kama unaupenda. Hiyo mara nyingi ni virusi, na vidukari watavipeleka kwa miche mipya. Angalia chini ya majani kila juma. Ukiwaona, osha na maji ya sabuni.

Faida iko wapi? Mbegu inapenda joto ya digri 25 na zaidi. Kwenye baridi yetu inaweza kukaa majuma matatu bila kuota, ao ioze. Shina la zamani lina mizizi tayari. Linazaa mbele ya miche, wakati soko bado halijajaa.

Wengine wataniambia: shamba zima litaingia nyumba gani? Haki yao. Mimi naomba miti kumi tu kwa kila nyumba. Ile ingine ikatwe hapo shambani, na nyasi kavu zifunike mizizi. Itakayokufa, tutaipandia ingine. Najua pia mti ukizeeka sana unapunguza matunda, basi usiufuge kama babu.

Kwenye mkutano wa mwezi wa tano nitakuja na kisu. Kila mutu alete bidoni moja ya kuvunjika.