Ufa Upi Uzibwe Kwanza?

Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta. Hata hivyo nyufa hazilingani kwa hatari, na mwenye nyumba asiye na fedha nyingi hana budi kujua aanze na upi.

Nyufa nyembamba kama unywele juu ya lipu ni jambo la kawaida. Ufa wa kuogopwa ni ule unaoanzia kwenye pembe ya dirisha au mlango ukapanda kwa mshazari, au ule unaoonekana ndani na nje. Kipimo chake ni penseli. Mwenye nyumba aweke alama kwenye ncha zake, aandike tarehe, kisha msimu mmoja wa mvua upite. Ufa ukibaki pale pale, lipu yatosha. Ukizipita alama, yamkini msingi unasogea. Lipu mpya itaificha hatari tu. Watoto wasilazwe karibu na ukuta huo, na fundi mwashi aitwe mara moja.

Mjini Kampala adui mkubwa ni maji. Mji umejengwa juu ya vilima, na mvua inaponyesha maji hushuka kuelekea mabonde kama Bwaise, yakipita kando ya misingi ya nyumba. Mfereji ulioziba huloanisha msingi. Kuuzibua ni nusu ya matengenezo. Paani nako kutazamwe kutu kwenye misumari ya mabati, na njia za udongo za mchwa kwenye mbao.

Huko Kasubi, nyumba kuu iliyojengwa mwaka 1882 na Kabaka Mutesa wa Kwanza ilidumu kwa kuwa paa lake la nyasi lilitunzwa na mafundi wa ukoo wa Ngeye, kizazi hata kizazi. Ilipoteketea kwa moto Machi 2010, kuijenga upya kulichukua zaidi ya miaka kumi. Kutunza ni kazi ya siku. Kujenga upya ni kazi ya miaka.

Mvua nyingi hunyesha Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba. Basi likizo ya Januari au ya Juni ndiyo ifaayo kwa matengenezo. Askari akiwa kazini mbali, mkewe ndiye mlinzi wa alama za penseli. Na wakaao kambini wasibomoe nyumba ya Serikali kwa hiari yao. Wapeleke taarifa ya maandishi kwa mkuu wao, wakizitaja tarehe zilizoandikwa ukutani. Tarehe hizo ndizo shahidi wao.