Tusingoje tetemeko litukagulie majengo

Wanainchi wa Fizi na Baraka, vijana wenzetu,

Tarehe 5 Desemba 2005 ziwa letu Tanganyika lilitikisika, kipimo 6.8. Kule Kalemie nyumba zilianguka, watu wakafa. Tarehe 3 Februari 2008 ikawa zamu ya Bukavu na jirani zake wa Rwanda, kipimo 5.9. Ilikuwa siku ya Mungu asubuhi. Kule Rusizi kanisa liliwaangukia waumini. Sisi wa Fizi tuko katikati ya Kalemie na Bukavu, kwenye Bonde la Ufa lile lile. Hata Ubwari yetu ni kipande cha inchi kilichosukumwa juu kati ya mipasuko.

Sasa tujiulize: majengo ya wakati wa Wabeleji na ya misioni za zamani, ambamo hadi leo watu wanasoma, wanaomba na kufanya kazi za biro, yatasimama? Wengi wanajibu: "Ukuta wa zamani ni mnene, hauanguki." Tunajidanganya. Tetemeko likipita, ukuta mzito njo unasukumwa kwa nguvu zaidi. Matofali yaliyounganishwa kwa udongo ao chokaa yanabeba vizuri mzigo wa juu, lakini yakisukumwa kutoka pembeni yanaachana. Kama hakuna ukanda wa beto ao wa mbao unaofunga kuta zote pamoja, kila ukuta unayumba peke yake, na pembe zinafunguka.

Dalili ziko wazi: ufa wa mshazari kwenye kona ya dirisha, ufa wa wima kwenye pembe ya nyumba, ukuta uliotoa tumbo, mbao zilizooza pale manjanja yanapolalia ukuta. Bandika plasta ndogo juu ya ufa, andika tarehe. Ikipasuka, ujue ufa bado unatembea. Lakini kwetu, mgeni mkubwa akikaribia, ufa unapakwa rangi tu. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ukuta wenyewe uko juu ya vichwa vya watoto.

Tunadai mambo matatu kwa viongozi wa teritware ya Fizi na wa mji wa Baraka:

1. Orodha ya majengo yote ya zamani yanayotumiwa, kuanzia shule.
2. Ukaguzi wa kila jengo, pamoja na wataalamu wa kituo cha utafiti cha Lwiro wanaofuatilia matetemeko ya Kivu. Matokeo yabandikwe mlangoni, wazazi wasome.
3. Jengo la hatari watu watoke leo. Linaloweza kuponywa lifungwe kuta na paa, lisibomolewe ovyo, juu ni historia yetu.

Hatua ya kwanza haingoji pesa za Kinshasa. Inataka kamba ya kupimia, daftari na simu ya kupiga picha. Vijana tuliomaliza iniversite na tunakaa bila kazi tuko wengi. Tupewe ruhusa ya kuingia, tutaanza juma hili.