Mkono Ukifa Ganzi Usiku, Usimeze Tembe Ukaendelea

Hebu nikuulize. Huwa unaamka saa nane usiku ukikung'uta mkono ndio vidole vipate uhai? Kama ni wewe, soma hii kabla ufungue kazi nyingine.

Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, nikaingia kazi za mtandaoni: kusikiliza rekodi na kuandika kila neno. Unalipwa kwa dakika ya sauti, si kwa saa ulizokaa, na dakika moja ya sauti mbaya inaweza kukulia dakika sita. Kwa hivyo ukipumzika unahisi ni kama unachoma pesa. Ofisi yangu ilikuwa kitanda, laptopu mapajani, mikono imejikunja kama miguu ya kuku. Vidole vikaanza kuchoma, kisha ganzi. Nikanunua tembe za maumivu, nikameza, nikaendelea. Asubuhi moja kikombe cha chai kikaniponyoka tu, hivi hivi, kikavunjika.

Aliyenifungua macho si daktari. Ni mama anayetufulia nguo hapa kwa ploti. "Mwanangu, hiyo ganzi naijua," akasema. "Nimekamua mablanketi tangu hujazaliwa. Kidole kidogo hakina shida, sivyo?"

Kweli, kidogo kilikuwa sawa. Nilienda kliniki ndipo nikaelewa kwa nini aliuliza. Ndani ya kifundo cha mkono kuna njia nyembamba ambamo neva moja inapita pamoja na kano tisa zinazokunja vidole. Kano zikivimba, ama ukikaa umekunja kifundo kwa muda mrefu, neva inabanwa. Neva hiyo ndiyo inayohudumia gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kile cha pete. Kidole kidogo kina neva yake. Sasa niambie, tembe itapanua njia hiyo vipi? Inanyamazisha uchungu tu, nawe unazidi kujiumiza bila kusikia.

Mimi nilipewa kishikizo cha kuvaa usiku, kinachonyoosha kifundo nikilala, na nikaambiwa nikae wiki tatu bila kuandika. Wiki tatu bila mapato, bana. Siku hizi laptopu inakaa mezani juu ya vitabu vyangu vya chuo (angalau vimepata kazi), kibodi ya bei nafuu iko chini yake, viwiko karibu na mbavu, vifundo vimenyooka. Sibonyezi kama ninayegonga mlango. Kila nusu saa naacha kwa dakika mbili. Kwa siku ya saa nane hizo ni dakika 32. Kwa hivyo ukiniambia mapumziko hayalipi kodi ya nyumba, linganisha na wiki zangu tatu.

Kwa simu ni hadithi nyingine. Gumba linalofanya kazi peke yake huumiza kano zake, uchungu unakaa kwenye kifundo upande wa gumba. Weka simu mezani, tumia vidole vingine, ama tuma sauti.

Lakini ganzi ikikataa kuondoka mchana, ukianza kuangusha vitu, ama nyama ya chini ya gumba ikipungua, acha kusoma makala na uende hospitali. Neva ikibanwa sana muda mrefu inaweza kuharibika kabisa. Ukiwa na kisukari au mimba, hatari ni zaidi.

Kinachoniudhi ni vile tunajisifu ati hatulali. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 iliandikwa kwa ajili ya mwajiriwa. Wewe ulipojisajili uliitwa mfanyakazi huru, ukabonyeza "nakubali" bila kusoma, kama mimi. Maana yake mkono ni wako na bili ni yako. Wanaotupa kazi wanajua sauti mbaya inachukua muda gani, na bado wanaweka makataa kana kwamba tuna mikono minne. Omba siku moja zaidi. Mteja wangu mmoja alikataa, nikamwacha. Wa pili alikubali bila hata kuuliza sababu, na nilikuwa nimeogopa kumwomba miezi mingi.

Mablanketi yangu hayakamuliwi tena, yanaanikwa yakidondoka maji, yakauke yatakapokauka. Mama anasema kliniki ataenda Jumatatu. Hajasema Jumatatu gani.