Niulize nafanya nini

Kwetu mtu akishakusalimu na kukushika mkono, kinachofuata ni "Unafanya kazi wapi?" Wapi, si nini. Majibu yanajulikana: bandarini, wizarani, shuleni, benki. Kwa miaka 11 nililijibu bila kufikiri, maana nilikuwa dirishani nikihesabu fedha za watu katika tawi moja la benki Dar es Salaam. Nilipoacha na kuanza kufuga nyuki Sikonge, mkoani Tabora, swali hilo likawa mwiba.

Lilinichoma kwanza Dodoma, kwenye mkutano wa wafanyabiashara, saa ya chai. Mzee mmoja mwenye kitambulisho kifuani aliniuliza. Nikamjibu, "Nilikuwa benki, ila kwa sasa najaribujaribu ufugaji nyuki." Akalidaka neno benki. Basi tukazungumza riba, dhamana na mkopo wa shemeji yake uliokataliwa, hadi kengele ikatuita ukumbini. Chupa ya asali niliyoibeba ikarudi nyumbani ndani ya mkoba. Simlaumu mzee yule. Neno benki nililitanguliza mimi.

Wengi tunaobadili kazi tunajitambulisha kama tunaoomba radhi. Tunatanguliza cheo cha zamani ili tuheshimiwe, kisha kazi mpya tunaitaja kwa sauti ya chini. Hilo ni kosa, na linatunyima wateja.

Siku hizi nasema: "Mimi ni mfugaji nyuki. Nina mizinga 40 Sikonge, natafuta mnunuzi wa jumla." Mama mmoja mwenye tanuri la mikate aliposikia hivyo hakuuliza nilikotoka. Aliichukua chupa, akaiinamisha kuelekea kwenye taa, akatazama kipovu cha hewa kikipanda polepole. "Unyevu wake je, dada?" Nikamweleza kwamba napima kila ndoo, kwa kuwa asali yenye unyevu uliozidi asilimia 20 huweza kuchacha. Hapo sasa benki ikapata nafasi yake: nilimfungulia daftari, kila ndoo na kilo zake na tarehe ya kurinwa, kama nilivyokuwa nikifunga hesabu kila jioni. Akaagiza ndoo tatu.

Nanyi mnaouliza, nawaombeni jambo moja. Katika kila ukumbi wapo walioacha kazi, waliopunguzwa na waliostaafu wakiwa bado na nguvu. Hawana ofisi ya kukutajieni. Waulizeni wanafanya nini.