Rubona hadi Goma: mtu huvuka, pikipiki hukwama

RUBAVU – Sambaza wanaovuliwa usiku katika Ziwa Kivu hushushwa Rubona alfajiri, na sehemu yao huvushwa siku hiyo hiyo kwenda Goma. Kutoka Rubona hadi mpakani ni mwendo wa kilomita zisizofika kumi. Mama mwenye ndoo kichwani huenda na kurudi. Mfanyabiashara aliyetoka Kampala au Nairobi peke yake kwa pikipiki, tena mwenye mtaji mkubwa kuliko wa mama huyo, ndiye anayekwama.

Sababu ni kwamba sheria haimwoni kama msafiri mmoja. Inaona vitu vitatu: mtu, chombo na mzigo. Kila kimoja kina dirisha lake na karatasi yake, na kila kimoja kinaweza kukataliwa wakati vingine vimekubaliwa.

Hadi anafika Rubona, karatasi zake hufanya kazi. Tangu Januari 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huvuka kati ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Pikipiki huandikiwa kibali cha muda cha forodha, na bima yake ni kadi ya njano ya COMESA, inayogharamia madhara kwa watu wengine. Linalomsumbua zaidi ni kukumbuka kushika upande wa kulia wa barabara mara tu anapoingia Rwanda kupitia Gatuna au Cyanika.

Mbele ya Rubavu mambo hubadilika. Mpango ule wa vitambulisho wa 2014 hauihusu Kongo, kwa hiyo Mkenya au Mganda anahitaji pasipoti. Wakazi wa Rubavu na Goma wana utaratibu wao wa ujirani: kitambulisho, au kibali cha muda mfupi ambacho wengi hukiita jeto. Utaratibu huo ndio uliojaza watu lango la Petite Barrière kwa miaka mingi, wakiwemo wachukuzi wenye ulemavu wanaovusha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu. Haukuandaliwa kwa mgeni mwenye pikipiki yenye namba za nchi nyingine.

Ugumu wa pili ni mkubwa zaidi. Tangu 27 Januari 2025 Goma iko mikononi mwa AFC/M23. Serikali ya Kinshasa na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema Rwanda inaliunga mkono kundi hilo, Kigali inakanusha. Kwa mfanyabiashara, ubishi huo una maana moja ya moja kwa moja: anayegonga muhuri Goma si serikali iliyotia saini mikataba ya Jumuiya ya Afrika Mashariki wala ya COMESA.

Muhuri huo utamfikisha sokoni Goma. Akitaka kuendelea hadi eneo lililo chini ya Kinshasa, anakutana na maofisa wasioutambua utawala uliompokea wala ushuru alioulipa. Risiti ya kwanza haimkingi na malipo ya pili, na pikipiki inaweza kuonekana kuwa imeingia nchini kwa magendo. Mpaka mgumu, kwa maneno mengine, umesogea kutoka langoni hadi katikati ya barabara.

Bima nayo ina swali lake. Kadi ya njano hutegemea ofisi ya taifa ya nchi ilikotokea ajali kushughulikia madai. Kadi inaweza kuwa halali kabisa, Kongo ikiwa imetajwa ndani yake, na bado mwenye kadi asijue ni nani atakayeandika ripoti ya ajali itakayokubaliwa. Swali hilo huulizwa kwa kampuni ya bima kabla ya safari.

Hatari ya tatu ni muda. Lango hili limewahi kufungwa kwa taarifa ya saa chache. Agosti 2019 Rwanda ililifunga kwa sababu ya Ebola na kulifungua siku hiyo hiyo. Machi 2020 korona ilisimamisha shughuli kwa miezi. Juni 2022, baada ya askari wa Kongo kuvuka Petite Barrière akifyatua risasi na kuuawa, Kinshasa ilipunguza saa za kufungua hadi saa tisa alasiri. Januari 2025 vita vilifika langoni penyewe, kisha mabenki ya Goma yakafunga milango.

Mtu aliyefungiwa upande wa pili hupoteza siku. Mtu aliyefungiwa pikipiki hupoteza chombo cha kazi, na kibali chake cha muda huendelea kuhesabu siku. Kikipita tarehe, forodha inaweza kumdai kana kwamba amekiuza huko.

Si kwamba wazo la kuvuka kwa urahisi ni geni hapa. Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, iliundwa mwaka 1976 na Rwanda, Burundi na Zaire, na makao yake yakawekwa Gisenyi. Vita vya miaka ya 1990 viliilaza, ikafufuliwa 2007. Kongo ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mwaka 2025 Rwanda na Kongo zilitia saini makubaliano Washington, tarehe 27 Juni na tena 4 Desemba, yakiwa na mpango wa ushirikiano wa kiuchumi unaogusa madini na nishati.

Mfanyabiashara wa Rubona anahitaji kitu kidogo kuliko hivyo: karatasi moja ambayo ikigongwa langoni itaheshimiwa hadi mwisho wa safari. Jumuiya tayari ina utaratibu rahisi kwa bidhaa zisizozidi dola 2,000 za Marekani. Lakini utaratibu huo unahitaji forodha mbili zinazotambuana, na kwa sasa pande zote za meza hazikai pamoja hata kwa jambo hilo dogo.

Hadi hapo, hesabu ya busara ni ya tahadhari. Pikipiki ibaki Rubavu mahali penye ulinzi, kibali chake kikiwa na siku za ziada. Mzigo uvuke kwa mafungu madogo kupitia wachukuzi wanaolijua lango, na kila risiti itunzwe. Anayelazimika kuvusha chombo chenyewe asitoke Goma kabla ya kuthibitisha nani anadhibiti barabara iliyo mbele, na asivushe mtaji ambao hawezi kuishi bila kuuona kwa mwezi mzima.